Miche Mingapi Ingali Hai? Namna ya Kutathmini Miradi ya Tabianchi ya Vijana wa Lamu

Katika visiwa vya Lamu ni jambo la kawaida kijana kufungua simu na kukuonyesha picha za siku kikundi chao kilipopanda mikoko: matope mpaka magotini, fulana mpya zenye nembo, na mgeni wa heshima ameinama akichomeka mche mbele ya kamera. Ukimwuliza walipanda miche mingapi siku ile, atakujibu papo hapo. Ukimwuliza ni mingapi iliyo hai leo, mara nyingi atanyamaza kidogo, kisha ataanza kueleza habari za mawimbi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya swali hilo la pili, na umekusudiwa wenyeviti, makatibu na wanachama wa vikundi vya vijana wanaotaka kujua wenyewe, kabla hajaja mfadhili kuwauliza, kama kazi yao inazaa.

Kaunti ya Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo haishangazi kwamba mradi wa kwanza unaomjia kijana wa hapa ni wa kupanda mikoko. Miradi mingine ipo, kama vile kusafisha fukwe, kukarabati majabia, yaani matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, katika vijiji vya Lamu Mashariki, na kuingiza majiko yanayotumia kuni chache. Nitakaa zaidi kwenye mikoko, kwa kuwa huko ndiko hesabu zinakoharibika zaidi, na kwa kuwa aliyejifunza kupima mikoko sawasawa hapati tabu kubwa na mingineyo.

Amueni kwanza mnachokipima

Kuna kazi iliyofanywa, na kuna mabadiliko yaliyotokana na kazi hiyo. Siku tano za kupanda, miche 6,000, semina mbili na watu 80 waliohudhuria ni kazi. Miche iliyo hai baada ya mwaka, maji yaliyodumu jabiani wiki tatu zaidi, au kuni zilizopungua jikoni ni mabadiliko. Taarifa nyingi nilizopata kuzisoma zimejaa za aina ya kwanza na zinaziita za aina ya pili, na sidhani kuwa walioziandika walikusudia kudanganya, kwa sababu fomu waliyopewa iliuliza hivyo.

Kaeni kikao kimoja, mwandike kwa sentensi moja mnataka nini kibadilike, wapi, na kufikia lini. Kisha chagueni viashiria vitatu au vinne tu vya kuonyesha mabadiliko hayo. Kikundi chenye viashiria ishirini hupima vyote mara moja na kuchoka. Msijitwishe pia ahadi msizoweza kuzipima: kwamba samaki wameongezeka, au kwamba hewa ya ukaa imepungua kwa tani kadhaa. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imo ndani ya udongo, na kuipima ni kazi ya maabara. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kwale, ambao umekuwa ukiuza hati za kaboni (hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu) tangu 2013, unafanya hivyo kwa msitu wa hekta 117, ukiwa na wanasayansi na wakaguzi wa nje. Kikundi cha vijana 25 chenye miche ya mwaka mmoja hakina haja ya kutaja tani hata moja, na mtu akija kuwaambia kwamba mtaanza kuuza kaboni mwakani, mwombeni awaonyeshe hesabu zake kwanza.

Hali ya mwanzo, na jirani wa kulinganisha naye

Hamwezi kujua mmefika wapi kama hamkuandika mlipoanzia. Kabla ya kupanda mche wa kwanza, pimeni eneo, pigeni picha, hesabuni miche iliyokwisha kujiotea, na muandike ni aina gani za miti zilizopo na maji hufika wapi wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Simikeni nguzo mbili au tatu madhubuti pembezoni mwa eneo, kisha kila mnaporudi wekeni simu juu ya nguzo ileile, ielekee upande uleule, na mpige picha. Picha za namna hiyo za miaka mitatu zikipangwa kwa mfuatano huwa na maneno mengi kuliko kurasa za taarifa.

Kama mradi umekwisha kuanza na hakuna kilichoandikwa, bado mna njia. Tafuteni picha za zamani katika simu za wanachama, tazameni picha za setilaiti za miaka iliyopita ambazo programu ya Google Earth huzitoa bila malipo, kusanyeni risiti za miche, na muwaulize wazee wanaopita mkondo huo kwa dau. Andikeni wazi kwamba hali hiyo ya mwanzo imekusanywa baadaye, ili msomaji aipe uzito wake.

Jambo linalosahaulika mno ni eneo la kulinganisha. Chagueni kipande jirani kinachofanana na chenu kwa udongo na kwa kimo cha maji, ambacho hamkupanda kitu, na mkipime kila mnapopima chenu. Mikoko hujiotea yenyewe pale maji yanapoingia na kutoka bila kizuizi na miti mama ikiwa karibu. Ikiwa kipande ambacho hamkukigusa kimejaa miche sawa na chenu baada ya miaka miwili, basi asili ndiyo iliyofanya kazi, na huenda nguvu zenu zingefaa zaidi kwa kulinda kuliko kupanda. Hiyo nayo ni habari njema, ingawa haipendezi kuiandika.

Kuhesabu mikoko kwa kamba

Kwanza ni siku. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati mwanga ni mzuri wa kuona na kupiga picha. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, miche ya upande wa chini inaweza kubaki majini, nanyi mkahesabu ya juu peke yake na kurudi nyumbani na furaha isiyo na msingi. Pangeni safari ya boti kwa kufuata mwezi, mfike maji yakiwa bado yanatoka, na mwanze na upande wa chini.

Pili ni sampuli. Hakuna haja ya kuhesabu kila mche. Chukueni kamba, mpime mita 5 na sentimita 64, mfunge fundo. Mtu mmoja ashike kigingi katikati, wa pili azunguke na fundo, na duara litakalopatikana litakuwa na eneo la mita za mraba 100. Maduara sita yaliyosambazwa vizuri yanatosha kwa eneo la nusu hekta au zaidi kidogo. Neno “kusambazwa” ndilo la kuzingatia. Msichague maduara kwa macho, maana macho hupenda penye majani. Chukueni ramani ya eneo, igawanyeni katika sehemu sita kuanzia juu mpaka kando ya mkondo, na katika kila sehemu mwamue mahali pa kigingi mkiwa bado mmekaa kijijini. Andikeni vipimo vya GPS vya simu ili mrudi palepale, na muache kigingi kimesimama.

Tatu ni maana ya “hai”. Kubalianeni kabla ya kushuka botini. Mche hai ni ule wenye jani bichi au chipukizi, au ambao ukikwaruza gome lake kwa ukucha unaona ubichi ndani. Miche iliyojiotea yenyewe iandikwe katika safu yake, mbali na mliyopanda. Watu wawili wahesabu duara moja bila kuambiana, ndipo walinganishe. Wakitofautiana sana, wahesabu tena. Pimeni pia kimo cha miche kumi ya kwanza mnayokutana nayo katika kila duara, na mwandike aina ya mti, kwa kuwa aina za mikoko, yaani mkoko wenyewe, mchu, mkandaa na mlilana, haziishi mahali pamoja wala hazikui kwa kasi moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi kilipanda miche 6,000 kwa nafasi ya mita moja katika eneo la hekta 0.6, maana yake kila duara lilianza na miche 100. Baada ya mwaka, maduara sita kuanzia juu kwenda chini yana miche hai 71, 64, 80, 55, 18 na 12. Jumla ni 300 kati ya 600, yaani nusu, na katibu mwenye haraka ataandika “asilimia 50 imepona” na kufunga daftari. Lakini itazameni tena safu hiyo ya tarakimu. Maduara manne ya juu yana wastani wa asilimia 67.5, na mawili ya chini asilimia 15. Mradi huu una sehemu mbili zenye hali mbili tofauti, na wastani umezificha zote. Sehemu ya chini pengine ni tope tupu linaloonekana wakati wa bamvua pekee, ambalo halikuwa na mikoko tangu wazee wakumbuke, nalo lina sababu zake. Kikundi hiki hakihitaji kununua miche 3,000 ya kujazia pengo. Kinahitaji kuacha kupanda upande wa chini.

Kwa hiyo kila mche uliokufa upewe sababu pale inapoonekana. Umefukiwa na mchanga? Umekatwa na kaa? Umeliwa na mbuzi au punda, ambao huupenda sana mchu? Umegandwa na viumbe vidogo vyenye magamba magumu, kama vile vinavyoganda kwenye mkuku wa dau, mpaka ukainama? Umekanyagwa na boti zinazoegeshwa? Kila sababu ina dawa yake, na baadhi hazina dawa ila kuhamia kwingine.

Nne ni muda. Mbegu ndefu ya mkoko huanguka kutoka kwa mama yake ikiwa na akiba ya chakula, na inaweza kubaki kijani miezi kadhaa hata mahali ambapo haina mustakabali. Hesabu ya miezi mitatu, ambayo ndiyo huandikwa mara nyingi kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili unakaribia kuisha, hupendeza kupita kiasi. Hesabuni mwezi wa tatu ili mjue makosa ya upandaji, mwezi wa kumi na mbili ili mpate tarakimu ya kuaminika, kisha kila mwaka mpaka wa tano, katika msimu uleule. Kulinganisha hesabu ya majira ya upepo wa kaskazi na ya majira ya upepo wa kusi ni kulinganisha mambo mawili tofauti.

Taka, majabia na majiko

Kwa usafishaji wa fukwe, kilo zilizokusanywa hazielezi maendeleo. Kikundi kikiokota kilo 200 mwezi huu na 400 mwezi ujao, je, vijana wameongeza bidii au taka zimeongezeka? Pimeni mita 100 za ufuo, ziwekeeni alama, zisafisheni zote, kisha rudini baada ya siku 30 mhesabu kilichojikusanya upya, kwa aina: chupa, kamba za nyavu, ndara, vifuniko. Mkifanya hivyo mtajua pia taka zipi zinatoka mjini, ambazo mnaweza kuzizuia kwa kuzungumza na wenye maduka, na zipi zinaletwa na bahari, ambazo hamna uwezo juu yake. Kama taka hizo zinapelekwa kutengenezwa kitu kingine, fuateni kilo ngapi hasa zimefika huko. Lamu ndiko lilikojengwa dau la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likazinduliwa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata, kwa hiyo watu wa hapa wanajua kwamba jambo hilo linawezekana, na wana haki ya kuuliza magunia yaliyobaki nyuma ya ghala yatakwenda lini.

Jabia hupimwa kwa fito yenye alama za kila sentimita 10, isomwe siku moja kila wiki na mtu mmoja aliyekubali kazi hiyo. Muhimu ni tarehe maji yalipoisha, na idadi ya nyumba zilizochota. Hapa kuna mtego wa mvua. Nchi yetu ilipata misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia vuli ya 2020, kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Kikundi kilichokarabati jabia katikati ya 2023 kingeona maji yamedumu miezi mingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na sifa kubwa ingekuwa ya mvua. Njia ya kujinasua ni ileile ya mikoko: linganisheni na jabia jirani ambalo halikukarabatiwa, katika msimu huohuo.

Majiko ni rahisi. Pimeni kuni za nyumba kwa mizani asubuhi ya siku ya kwanza, pimeni zilizosalia baada ya siku tatu, kabla na baada ya kuleta jiko jipya, mkihesabu na walaji wa kila siku. Kisha piteni baada ya miezi sita bila taarifa, muone kama jiko linatumika au limegeuzwa kibao cha kukalia kuku.

Kuuliza watu bila kuwatia maneno kinywani

Ukimwuliza mtu wa Lamu kama mradi umemfaa, atakujibu “alhamdulillahi”, na hayo ni adabu, hayawezi kuwa takwimu. Mgeni hakatishwi tamaa mlangoni, sembuse kijana wa mtaani ambaye mama yake mnajuana. Ulizeni mambo yenye tarehe na idadi: “Mama, mwaka jana mwezi kama huu maji mlinunua madumu mangapi kwa wiki?” au “Mzee, mara ya mwisho kupita mkondo huu na kuona mashina mapya yaliyokatwa ilikuwa lini?” Swali la namna hiyo halimlazimu mtu kusifu wala kulaumu.

Wazee mtawapata barazani, lakini anayeishia barazani amesikia nusu ya mji. Wanachama wa kike waende majumbani, wapige hodi, wazungumze na wanawake bila kijana wa kiume kusimama mlangoni na daftari. Wavuvi hupatikana zaidi majira ya kusi, bahari inapochafuka nje ya miamba. Epukeni mwezi wa Ramadhani na siku za Maulidi, si kwa heshima pekee, bali hata ratiba za nyumba huwa zimebadilika na majibu hayatalingana na ya miezi mingine.

Msiwasahau walioumia. Mkata boriti za mikoko ambaye eneo lake la zamani sasa mnalilinda amepoteza kitu, na tathmini isiyomtaja ina kasoro. Anaweza pia kuwaeleza mambo msiyoyajua. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa Lamu wakaguswa. Kikundi kilichohesabu mashina machache mwaka ule kisingeweza kudai kwamba ni mahubiri yake yaliyowageuza watu.

Je, ni mradi wa vijana kweli?

Katiba ya Kenya inamtambua kijana kuwa mtu aliyefika miaka 18 na ambaye hajafika 35, lakini umri wa waliomo pichani hauthibitishi nani anaongoza. Chukueni daftari la mihutasari la mwaka mzima, mtafute maamuzi kumi makubwa: mahali pa kupanda, mnunuzi wa miche, matumizi ya fedha. Kando ya kila uamuzi andikeni nani aliutoa. Nilipofanya zoezi hili na kikundi kimoja, maamuzi saba kati ya kumi yalikuwa ya mtu aliyekuja kwa boti mara mbili kwa mwaka. Hakuna aliyeghadhibika, walicheka, kisha kukawa kimya, na kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Angalieni pia wasichana wanashika nyadhifa gani, na wangapi kati ya walioanza bado wapo. Vijana huondoka kwenda kuendesha bodaboda, kufanya kazi za bandarini au kusoma Mombasa, na hilo si kosa lao, ila mradi ambao mtu mmoja tu anajua kutumia daftari lake utazama siku atakapopanda basi.

Fedha na taarifa

Gawanyeni gharama zote, pamoja na mafuta ya boti na chakula cha siku ya kupanda, kwa idadi ya miche iliyo hai baada ya mwaka. Katika mfano wetu, kama kikundi kilitumia shilingi 180,000, mche uliopandwa uligharimu shilingi 30, na mche ulio hai shilingi 60. Tarakimu ya pili ndiyo ya kupeleka kwenye kikao cha bajeti.

Taarifa isomwe kwanza kijijini, kwa Kiswahili, mbele ya chifu, kamati ya ufuo na watu wa mtaa, ndipo ipelekwe kwa mfadhili. Sehemu ya maduara ya chini isifichwe. Mfadhili mmoja aliwahi kukitaka kikundi kiondoe ukurasa wa miche iliyokufa kwa hoja kwamba utawavunja moyo wachangiaji. Vijana waliuondoa, na msimu uliofuata kikundi kingine, kisichojua habari hizo, kilipewa fedha za kupanda kwenye tope lilelile. Ikiwezekana badilishaneni na kikundi cha kisiwa kingine: wa Pate waje kuhesabu maduara yenu, nanyi mwende kuhesabu yao. Anayehesabu miche asiyoipanda hana sababu ya kuionea huruma.

Daftari liwe na nakala mbili, moja kwa katibu na nyingine mahali pasipofika maji, na picha za nguzoni zihifadhiwe nje ya simu ya mtu mmoja. Kabla ya kufunga kikao cha taarifa, fungueni kalenda yenye tarehe za mwezi, mtafute bamvua ya mwaka ujao iliyo karibu zaidi na tarehe mliyohesabu safari hii, mwandike siku hiyo, jina la nahodha, kiasi cha mafuta, na nani atakayekuja na kamba.